Siku Moja Zenji kwa Miguu, na Picha ya Msingi wa Chanika

Watu wa Dar wakisikia mtu kaenda Zenji wanataka kuona vitu vitatu: bwawa la kuogelea, bahari ya bluu nyuma ya miguu iliyonyooshwa kwenye kiti, na sahani ya kamba kochi. Usipoposti hivyo wanasema hukwenda popote, ulikuwa Kigamboni. Hawa dada wawili wa Mbagala hawakuwa na hata kimoja. Walikuwa na chumba cha gesti Malindi chenye feni moja, mfuko wa maandazi waliotoka nao nyumbani, na Jumamosi nzima ya kutembea kwa miguu.

Mmoja alikuwa na wiki tatu tu tangu arudi Oman. Miaka miwili Muscat, kazi za ndani. Mwingine ni mdogo wake, aliyebaki na mama na ndiye aliyekuwa anapokea hela. Waite tu dada mtu na mdogo mtu, majina yao hayana kazi hapa.

Wazo la kutembea lilikuwa la dada mtu. Mdogo mtu alishaulizia bei za kwenda Nungwi, na za boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa. Akaambiwa hapana. "Miaka miwili nimetembea kutoka jikoni mpaka getini," dada mtu alisema. "Muscat nimeionea kwenye dirisha la gari, nimekaa siti ya nyuma na watoto wa watu. Nataka nitembee mpaka miguu iniume."

Mdogo mtu akakubali haraka. Wikiendi ile alikuwa anakubali kila kitu haraka. Jumatatu wakisharudi Dar walikuwa waende Chanika kuangalia kiwanja, na kwa wiki tatu alikuwa ameshatoa sababu zote alizonazo: mvua imeharibu njia, mwenyekiti wa mtaa kasafiri, fundi anaumwa. Sababu zilikuwa zimemwishia.

Basi wakaanza saa mbili asubuhi. Kutoka Malindi unafuata barabara kubwa inayopita pembeni ya mji. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari unaotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ulifukiwa, daraja likaondoka, jina la Darajani likabaki. Soko lenyewe ni la mwaka 1904. Ukiingia upande wa samaki utaziba pua dakika mbili halafu utazoea, upande wa viungo hutaki kutoka. Dada mtu alikuwa amevaa viatu alivyonunua Muscat siku ya kuondoka, vya kung'aa, na mpaka anafika sokoni kisigino kimeshachubuka. Akanunua ndala. Muuzaji alianza na elfu tano, akaishia elfu tatu, na viatu vya Muscat vikaingia kwenye mfuko wa maandazi.

Ushauri wa bure kwa wadada mnaopanga kwenda: funikeni mabega na magoti. Ule ni mji watu wanaishi, wanakwenda msikitini, watoto wanarudi skuli. Ukipita na kaptula hakuna atakayekupiga, ila utaangaliwa mpaka ujute. Na msiogope kupotea. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapotosha kila mtu, lakini mji mwenyewe ni mdogo, ukitembea kidogo utatokea baharini au utatokea barabara kubwa.

Mdogo mtu alikuwa na kazi yake: picha. Simu yake ni kali, ina kamera tatu nyuma, na dada mtu alipoiona mara ya kwanza aliuliza imetoka wapi, akajibiwa ya mkopo. Na tuseme ukweli, binti anajua kupiga picha. Mji Mkongwe una nyaya za umeme zinazoning'inia kama nywele za mtu aliyeamka, una pikipiki kila kona, una kuta zimebanduka plasta. Kwenye picha zake hakuna nyaya, hakuna pikipiki, na plasta iliyobanduka inaonekana kama urembo. Anasogea hatua moja kushoto, anachuchumaa, anaomba dada ainue kidevu, basi. Dada mtu alikuwa akionyeshwa anacheka: "Huyu ni mimi kweli?"

Kutoka Darajani mpaka Mkunazini ni dakika tano. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na Waanglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya eneo lile lile. Wanaonyesha altare, wanasema ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Nyuma kanisani kuna nguzo ambazo zimesimamishwa kichwa chini. Muongozaji aliwahadithia kwamba Askofu Steere alikuwa hayupo, aliporudi akakuta mafundi wameshazipanga hivyo, akaziacha.

Dada mtu akacheka kwa sauti. "Bosi akigeuza kisogo tu!"

Mdogo mtu hakucheka.

Halafu wakateremka kwenye vile vyumba vya chini. Ni viwili, dari liko chini kiasi kwamba mtu mzima anainama, na mwanga unaingia kwa vidirisha vyembamba kama nafasi ya kutupia barua. Muongozaji alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza jinsi watu walivyokuwa wanabanwa humo wakisubiri kuuzwa. Dada mtu alikaa kama nusu dakika, akageuka, akapanda ngazi.

Mdogo wake alimkuta nje, karibu na zile sanamu za shimoni. Ni watu watano wa mawe, shingo zimefungwa kwa mnyororo wa kweli wa zamani, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Watu wengi wanapiga nazo selfi, jambo ambalo kila mtu na dhamiri yake. Dada mtu alikuwa amezipa mgongo.

"Vipi dada?"

"Hamna. Nimekumbuka stoo."

Ndiyo mara ya kwanza kulitaja. Kumbe Muscat alikuwa analala stoo, kati ya magunia ya mchele na mashine ya kufulia, na dirisha lilikuwa juu, jembamba vile vile. Pasi yake ya kusafiria alikaa nayo mama mwenye nyumba. Mdogo mtu alitaka kusema kitu kuhusu utumwa, si unajua tena mitandaoni tulivyozoea kufananisha, akakatwa hapo hapo.

"Usifananishe. Hawa walikamatwa. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, nikasaini, nikalipwa riali 80 kila mwezi. Nilikuwa najua nafanyia nini. Hela yangu naijua iko wapi."

Mdogo mtu akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Wakaingia vichochoroni kuelekea Soko Muhogo, pale vijana wanapaita Jaws Corner, kuna papa kachorwa ukutani na wazee wanakaa barazani na kahawa tangu asubuhi. Kahawa ya pale inakuja kwenye kikombe kidogo, haina sukari, unaing'atia kashata. Wanawake hawakai sana pale lakini mgeni ni mgeni, wakasogezewa nafasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwatokea wapi?"

"Dar."

Mbele yao kulikuwa na mlango wa mbao umechongwa kutoka juu mpaka chini, na juu yake mstari wa maandishi ya Kiarabu. Dada mtu akausoma taratibu, kisha akaieleza maana yake. Madrasa ya Mbagala ilimfundisha kusoma, Muscat ikamfundisha kuelewa. Mzee akafurahi, akaanza darasa: milango ya juu mraba ni ya Kiarabu, ile yenye upinde juu ni ya Kihindi, misumari mikubwa ya shaba ilianzia Bara Hindi. Na ule mchongo wa mnyororo pembeni ya fremu? Waongozaji wengine wanawaambia wageni kwamba mwenye nyumba alikuwa na watumwa, wengine wanasema ni kinga ya nyumba. Mzee alisema kila mtu aeleza lake, yeye kaukuta upo.

"Zamani mtu akijenga, mlango kwanza," mzee akaendelea. "Mlango wasimamishwa, nyumba yafuata."

"Mimi nimeanza na msingi, baba," dada mtu akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Chanika. Tofali 84 zilikuwa zimeshapangwa mwaka jana."

"Umezihesabu?"

"Nilitumiwa picha."

Mdogo mtu alipaliwa na kahawa. Mzee akampigapiga mgongoni, akadhani ni kashata.

Shangani walipita haraka. Kwenye nyumba ya Freddie Mercury wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, walipiga picha mlangoni wakaendelea, maana kuingia ndani kuna kiingilio na dada mtu hajui wimbo wake hata mmoja. Walipumzika kwenye kivuli cha Ngome Kongwe, ile ngome ya Waomani waliyoijenga baada ya kuwatoa Wareno. Maandazi yakaliwa hapo. Miguu ya dada mtu ilikuwa imeanza kuvimba na alikuwa anaisifia.

Kama saa kumi na nusu wakatokea Forodhani, na hapo mbele ndipo ilipo Beit al-Ajaib.

Wasioijua: Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa nyumba ya kwanza pande hizi kuwa na umeme na lifti, ndiyo maana ikaitwa Jumba la Maajabu. Kwenye kila kadi ya Zanzibar ya zamani utaikuta, nyeupe, na varanda zake zinazozunguka. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuikarabati kwa fedha za Oman, sehemu yake kubwa ya mbele ikaanguka. Watu wawili walikufa. Siku wanayofika hawa dada, mabati ya uzio yalikuwa yamezunguka na upande uliobomoka uko wazi kama mdomo wenye pengo.

"Oman wanajenga hapa," dada mtu akasema, "na mimi nimefua Oman ili nijenge Chanika." Alijichekesha mwenyewe na hiyo, akairudia.

Halafu akasimama tayari kwa picha. Mdogo mtu akarudi nyuma bustanini, akatafuta. Akasogea kushoto. Akachuchumaa. Akapata tawi la mti likashuka juu ya upande mbovu, mwili wa dada ukaziba mabati, na ule upande mzima ukabaki peke yake na jua la jioni. Akapiga. Akamletea.

Dada mtu akaitazama simu. Akalitazama jumba. Akaitazama simu tena, akaikuza kwa vidole viwili, akapeleka pembeni, akarudisha katikati. Kwenye picha jumba lilikuwa zima. Hata mtu aliyekaa hapo tangu asubuhi angeapa halijawahi kuanguka.

Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na msingi wa Chanika uliupiga hivi?"

Wenye ndugu mnajua, kuna swali ambalo ukichelewa kulijibu sekunde mbili umeshalijibu. Mdogo mtu alichelewa zaidi ya hizo.

Walikwenda kukaa kwenye ukuta wa bahari. Vijana walikuwa wanakimbia na kujirusha majini, wanapiga sarakasi hewani, wageni wanashangilia, na katikati ya vifijo hivyo hesabu ikatolewa. Dada mtu alituma jumla milioni sita na laki mbili. Milioni moja na laki nane ilimpasua mama, alikuwa na uvimbe, na mama mwenyewe alikataza mtoto aliye ugenini asiambiwe. Milioni mbili na laki tisa alipewa mtu wa kuagiza nguo China, zizungushwe zizae, halafu kiwanja kinunuliwe kikubwa zaidi ya kile alichoomba dada. Mtu wa nguo alibadilisha namba. Laki saba ni simu, ambayo haikuwa ya mkopo. Zimebaki laki mbili na arobaini. Iliyokosa maelezo ni laki tano na sitini, hiyo iliondoka kidogo kidogo, kwa bando, kwa nauli, kwa kuku wa sikukuu. Kiwanja hakikununuliwa kamwe. Ule msingi ni wa jirani mmoja wa rafiki yake, na ulipigwa picha kwa pembe tofauti mara tatu ili uonekane unaendelea.

Hapa wengine mtatarajia kofi. Kwa kweli mdogo mtu mwenyewe alikuwa analisubiri, alishavua miwani.

"Mama kapasuliwa lini?"

"Mwezi wa nne."

Dada mtu akahesabu kwa vidole. "Mwezi wa nne nilikuwa namfulia mtoto wa watu soksi. Na jioni yake nikapiga simu, mama akaniambia ana mafua."

"Alikuwa wodini, dada. Tulitoka nje na simu ili usisikie kelele za wauguzi."

Hilo ndilo lililomliza. Si hela. Hela ilikuja baadaye, kama saa moja baadaye, giza limeshaingia na wauza vyakula wa Forodhani wamewasha taa zao, moshi wa mishkaki umetanda, mashine za miwa zinalia. Hapo ndipo alipoanza kuuliza kwa hasira: huyo mtu wa nguo uliwahi kumwona uso? Risiti iko wapi? Ulikuwa unalalaje? Na akasema jambo ambalo mdogo mtu hakulijua. Ile picha ya msingi ndiyo ilikuwa kwenye kioo cha simu yake. Usiku stoo kukiwa na joto alikuwa anaifungua na kuhesabu tofali mpaka usingizi umchukue. Ndiyo maana anajua ni 84.

"Bora ungeniambia imeliwa," alisema. "Ningelala hivyo hivyo, ila ningelala na ukweli."

Wakanunua urojo bakuli moja moja, kila mtu kwa hela yake, na dada mtu akamwambia mdogo wake zile laki mbili na arobaini asiziguse hata kwa nauli ya kesho. Kabla hawajaondoka akasimama tena mbele ya lile jumba, safari hii limemulikwa kwa taa hafifu, pengo linaonekana jeusi.

"Nipige hapa. Na upande uliobomoka uingie."

Mdogo mtu akapiga. Ilitoka picha mbaya, macho mekundu, ndala, mabati, mfuko wa maandazi uko pembeni na kiatu kimechungulia. Hiyo ndiyo picha pekee ya Zenji ambayo dada mtu ameiposti mpaka leo, na watu wa Dar walimwandikia pole, kama aliibiwa au.

Kurudi Malindi walipotea mara mbili. Dada mtu alikuwa mbele, mdogo mtu hatua kumi nyuma, na kila kwenye njia panda wa mbele alisimama bila kugeuka mpaka asikie viatu vya wa nyuma vimekaribia, halafu anaendelea. Kwa umri wao, mara ya mwisho kutembea hivyo walikuwa wanakwenda shule ya msingi.

Jumatatu Chanika walikwenda vile vile. Mwenye msingi alikuwa ameshapandisha ukuta mpaka kwenye linta, akashangaa wadada wawili wamesimama barabarani wanaitazama nyumba yake. Dada mtu alimpa hongera, akamuuliza viwanja vya karibu na pale siku hizi ni shilingi ngapi. Vimepanda. Mama alipoulizwa kuhusu mafua ya mwezi wa nne alisema angefanya hivyo hivyo tena, na hilo hawajalimaliza, dada mtu na mama yake wanaongea mambo ya mboga tu.

Mpango uliopo ni laki moja kila mwisho wa mwezi. Mdogo mtu kapata kazi ya kupiga picha za bidhaa kwenye duka moja Kariakoo, na miezi miwili ya kwanza hajachelewesha. Ile simu iliuzwa laki nne. Tangazo lake lilipigwa kwa simu ya dada mtu, kamera mbovu, mwanga wa jikoni, na ule ufa mdogo wa kwenye kona ya kioo unaonekana vizuri tu.